Namna ya Kumfundisha Mbwa wa Mawindo Asiyekamatika Aitike Wito

Mwenye mbwa wa mawindo asiyekamatika ameyaona haya mara nyingi. Jioni inaingia, umesimama pembeni mwa shamba la mahindi na kamba mkononi, umekwisha kuita mara kumi, na mbwa amekuja mpaka hatua mbili kutoka ulipo. Mkia unacheza kidogo, kichwa amekiinamisha, miguu ya mbele ameitanguliza na uzito wote ameurudisha nyuma, tayari kuruka. Ukinyoosha mkono, anaruka kando. Ukirudi nyuma, anasogea. Ukimkimbiza, umempa mchezo wa jioni nzima. Sasa mtazame macho yake vizuri: hakuangalii usoni, anaiangalia kamba.

Mbwa wangu, Chui, nilimpata akiwa amekwisha komaa, kutoka kwa mtu aliyezoea kuingia naye porini. Nilimtaka alinde mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori katika shamba letu chini ya milima ya Usambara, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Tatizo lilikuwa kumrudisha. Miezi ya mwanzo niliharibu zaidi nilichokikuta kimeharibika, kwa kuwa nilikuwa nikimwita, nikimkemea alipofika kwa kuchelewa, kisha nikimfunga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Chui hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa ameuelewa wito wangu barabara: ulikuwa na maana ya mwisho wa kukimbia, makemeo na kamba. Kwa hiyo kazi ya kumfundisha mbwa wa namna hii ni kuubadilisha ujumbe ambao sauti yako na mkono wako vinampelekea, na kazi hiyo huanza kwa mwenye mbwa.

Ni vyema kukubali mapema kwamba mbwa wa mawindo si sawa na mbwa wa kulinda geti. Saluki na mbwa wa jamii yake huwinda kwa macho. Kitu kikikimbia, miguu yao imekwisha kuondoka. Bigo, ambaye wengi huandika jina lake beagle, huwinda kwa pua, na pua ikishashika harufu, masikio ni kama yamezibwa. Basenji wa misitu ya Kongo hutumia vyote viwili, na kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, wenyeji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo vichakani. Jina lake lina undugu na neno letu "washenzi", jambo linalonisikitisha, maana ni mbwa mwenye akili nyingi aliyezoezwa kwa vizazi vingi kuamua mambo mwenyewe akiwa mbali na bwana wake. Mbwa wetu wengi wa vijijini wana tabia hiyohiyo. Mnyama aliyechaguliwa kwa sababu anaweza kufanya kazi bila kuambiwa hatageuka mara tu ukiita jina lake; lazima uwe na sababu nzuri ya kumfanya ageuke.

Kumfundisha kurudi si suala la starehe ya mwenye mbwa tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa, kwa hiyo mbwa anayeingia hifadhini humtia bwana wake matatani. Huko porini kuna mitego ya nyaya, kuna nyoka, kuna magonjwa ya kupeleka na kuleta. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaofahamika sana kwa mbwa wa kufugwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mpe mbwa wako chanjo zake zote, ya kichaa cha mbwa ikiwa ya kwanza, kabla hujafikiria kumwachia popote.

Anza kwa kutafuta wito mpya. Neno ulilolitumia kwa miezi au miaka huku mbwa akiliepuka limekwisha kuchakaa, na kulifufua ni kazi kubwa kuliko kuanza na jingine. Mimi napendekeza filimbi ya kawaida, kama ile ya mwamuzi wa mpira. Sauti yake hufika mbali kuliko ya kinywa na hupenya vichaka, na zaidi ya yote haibebi hasira. Sauti ya mtu aliyengoja nusu saa kwenye umande husikika kuwa ina hasira hata anapojitahidi kuilainisha, na mbwa huisikia hasira hiyo kabla ya kusikia neno. Ipo pia filimbi ya kimya iliyobuniwa na Mwingereza Francis Galton mwaka 1876, ambayo hutoa sauti ya juu mno kwa masikio yetu lakini mbwa huisikia, kwa kuwa yeye husikia mpaka karibu hezi 45,000, yaani mitetemo 45,000 kwa sekunde, hali sisi tunaishia kwenye 20,000. Inafaa, ila binafsi naona ni afadhali mwalimu aisikie sauti anayoitoa. Chagua mtindo mmoja wa kupiga, kwa mfano milio miwili mifupi na mmoja mrefu, na usiubadilishe.

Siku tano hadi saba za kwanza, filimbi ipigwe nyumbani tu, mbwa akiwa karibu na wewe na hana kingine cha kufanya. Piga, kisha mpe kipande cha chakula. Piga tena, mpe. Mara kumi au kumi na mbili zinatosha kwa kipindi kimoja, na vipindi vitatu vya dakika chache kwa siku ni bora kuliko kimoja cha nusu saa. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hulikosea. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate kwa sauti tu iwapo sauti imezoeleka kutangulia chakula. Mkono wako ukienda mfukoni kwanza na filimbi ikafuata, mbwa anajifunza mkono na filimbi inabaki kuwa kelele. Kwa hiyo mkono utulie, filimbi ilie, na baada ya hapo ndipo mkono usogee. Utajua kazi imeiva pale mbwa aliyelala kivulini atakapogeuza shingo kwa ghafla kabla filimbi haijamaliza mlio wake.

Chakula chenyewe kiwe kile ambacho hakipati wakati mwingine wowote. Ugali mkavu hautashindana na harufu ya digidigi. Ini lililochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi linafaa sana. Dagaa wakavu wanafaa pia na hawachafui mfuko. Nasisitiza ini lichemshwe mpaka liive kabisa, kwa kuwa maini na mapafu mabichi ya mifugo huweza kumwambukiza mbwa tegu ambaye mayai yake yakimfikia binadamu huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu, na jirani zetu wa Turkana wameteseka sana na ugonjwa huo. Usitumie chochote chenye vitunguu wala chokoleti, na mifupa iliyopikwa iache kabisa.

Wakati filimbi inajengwa nyumbani, yapo mafunzo mengine yanayokwenda sambamba, na kwa mbwa asiyekamatika haya ndiyo kiini cha mambo yote: kumfundisha kwamba kushikwa ni jambo jema. Mbwa wengi huja vizuri sana mpaka hatua ya mwisho, kisha hukwepa mkono. Chuchumaa, mgeuzie ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso, na uushushe mkono uje kutoka chini, kuelekea kidevu na kifua. Mkono unaotoka juu ya kichwa ndio mkono wa kipigo. Gusa mkanda wake wa shingo kwa kidole kimoja, mpe kipande cha ini, ondoa mkono. Baada ya mara nyingi, ingiza vidole viwili chini ya mkanda. Baadaye ushike kwa muda wa pumzi moja. Baadaye kwa muda wa pumzi tatu. Kila mara chakula kije baada ya mguso, mkono mwingine ukiwa bado umeshika, ili mbwa ale akiwa ameshikwa. Akianza kurudisha kichwa nyuma, umeenda haraka. Rudi hatua moja.

Fanya vivyo hivyo kwa kamba. Kwa Chui nilikaa juu ya kigoda uani, kamba nikaiweka mapajani, na kila alipoisogelea kwa pua alipata dagaa mmoja. Siku ya kwanza alikula dagaa wawili akaondoka. Siku ya nne alikuja mwenyewe akasimama, nikamfunga, nikampa, nikamfungua palepale, nikamwacha aende. Alisimama akanitazama kana kwamba kuna kosa limefanyika. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: katika kila mara kumi ninazomwita na kumshika, mara tisa namwachia tena. Mzee mmoja jirani aliniambia kwamba nampa mbwa mazoea mabaya. Naheshimu uzoefu wake, lakini mbwa anayejua kwamba mkono humwachia hana sababu ya kuukimbia.

Baada ya hapo ndipo utoke nje, na utoke na kamba ndefu, mita 10 mpaka 15. Kamba ya katani ya kwetu Tanga ni imara, ila hulowa, huwa nzito na huchuna viganja. Mkanda bapa au kamba ya manila nyembamba hufaa zaidi. Ifunge kwenye mkanda wa kifua, usiifunge kwenye mkanda wa shingo, kwa sababu mbwa anayekimbia kwa kasi na kufika ghafla mwisho wa mita 15 anaweza kuumia shingo vibaya. Vaa glavu, na kamwe usiizungushe mkononi wala kiunoni. Kamba hii si ya kumvutia mbwa kama ndoo ya kisimani. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hapati nafasi ya kujifunza kuwa wito unaweza kupuuzwa. Mwache aivute chini. Anapoinua kichwa kutoka kwenye harufu, hata kwa nusu sekunde, piga filimbi mara moja tu, kisha ondoka upande mwingine kwa hatua za haraka. Mbwa wa mawindo hufuata kinachoondoka. Akifika, chakula kiwe kingi, kipande baada ya kipande, kwa muda wa kuhesabu kumi.

Kama hakuja, usipige filimbi mara ya pili. Kanyaga kamba, isogelee taratibu, mfikie, mwonyeshe chakula puani, na urudi naye pale ulipoitia. Kisha ujiulize kama uliita mahali pagumu mno. Nyumbani kwanza, uani, barabarani pasipo na watu, halafu pembeni mwa shamba wakati wa adhuhuri jua linapokausha harufu, na mwisho kabisa alfajiri, umande ukiwa majanini na nyayo za usiku zikiwa bado mbichi. Kuruka kutoka uani kwenda shambani alfajiri ni kumtoa mtoto darasa la kwanza na kumpeleka kidato cha nne. Mimi nilihitaji kamba kwa zaidi ya miezi mitano, na sioni aibu kusema kwamba bado naitumia kila mara nguruwe wanapokuwa wameshuka usiku.

Ipo zawadi moja inayoshinda ini, nayo ni yale yale mawindo. Mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alieleza kwamba jambo analolipenda sana kiumbe linaweza kutumika kama malipo ya jambo analolipenda kidogo. Kwa mbwa wetu maana yake ni hii: mwite akiwa ananusa, aje, umshike mkanda, umpe kipande kimoja, kisha mwambie "nenda" na umwache arudi kwenye harufu ileile. Mara ya kwanza moyo unasita. Lakini siku chache baadaye utaona mbwa anakuja kwa mbio, kwa kuwa ameelewa kwamba njia fupi ya kurudi kichakani inapita kwako.

Kuhusu mikanda ya shingoni inayopiga shoti ya umeme, Wales iliipiga marufuku mwaka 2010, na mimi naunga mkono uamuzi huo. Mbwa aliyechomwa wakati ana harufu ya sungura puani hajui kwa hakika ni nani aliyemchoma, na kwa mbwa ambaye tayari anauogopa mkono wa mtu, unaongeza hofu juu ya hofu.

Itakuja siku atakapotoroka licha ya yote. Usimkimbize na usipite kijiji kizima ukimwita, maana kila mlio usioitikiwa unapunguza thamani ya filimbi yako. Nenda mahali ulipomwona mara ya mwisho, kwa kuwa mbwa wa kunusa mara nyingi hurudi kwa kufuata nyayo zake mwenyewe. Kaa hapo, piga filimbi mara chache kwa vipindi virefu. Giza likikushinda, acha shati ulilolivaa kutwa pamoja na bakuli la maji. Wawindaji wengi wa Marekani wanaotumia mbwa hufanya hivyo, na asubuhi humkuta mbwa amelala juu ya nguo. Na akitokea, hata iwe saa nane za usiku na miguu imejaa tope, zuia ulimi wako usimkemee. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, mshike mkanda kutoka chini ya kidevu, mpe ini ulilokuwa nalo mfukoni, na umwache anywe maji kwanza kabla hujaanza kumtoa kupe.