SOMO: Kukusanya vitu vyako vilivyotawanyika mtandaoni

Asalaam aleikum wadau. Hili ni la wale walioanza kuandika zamani, maneno yako blogspot, picha Flickr, mashairi Facebook, na kuna waliokuwa Google+ mpaka ikafungwa 2019 na vyao vikaenda nayo.

1. Usianze kudaunlodi. Anza na imeili na laini. Google siku hizi wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2, kwa hivyo ile imeili ya zamani ingia leo. Na laini uliyoitupa ndio hatari zaidi, kampuni ikishampa mtu mwengine basi zile namba za kuthibitisha zinamwendea yeye, wewe uko Mokowe unangoja meseji haiji. Itoe laini hiyo kwenye kila akaunti, weka ya sasa.

2. Chukua daftari (ndio, daftari la karatasi) uandike majina yote uliyowahi kujiita, hata yale ya ujana, kisha litafute kila jina Google ndani ya alama za kunukuu. Kando yake: anwani, imeili uliyofungulia, bado unaingia au la.

3. Sasa daunlodi. Ingia takeout.google.com, ondoa tiki zote ubakishe Blogger (ndiyo hiyo blogspot), watakutumia linki kwa imeili na haikai sana, kama wiki hivi, basi uwe na bando tayari. Angalia hapa jamani: faili la blogu linabeba maandishi na maoni, lakini picha mle ndani ni linki tu! Ukifuta akaunti ukidhani umeshaokoa kila kitu, picha zimekwenda. Zishushe kivyake, uweke na kopi kwenye flashi.

4. Jipatie kwako. Mimi napendelea domeni (anwani yako mwenyewe ya mtandaoni) ya .co.ke kuliko kuhamahama, ila isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, sio ya kijana wa saiba, maana siku mkikosana nyumba ni yake. Ukiiunga kwenye setingi za Blogger, anwani ya zamani ya blogspot inawapeleka watu kwenye mpya yenyewe, linki hazifi.

5. Kwengine kote badilisha bayo (yale maelezo mafupi ya wasifu wako), weka hiyo anwani moja. Usifute kitu kwanza.

MASWALI

Mdau wa Shela: Maalim, blogu yangu niliifuta kitambo na sina kopi, ndio basi?
Jibu: Bado. Nenda web.archive.org, ghala la kurasa za zamani za mtandao, uandike anwani yake kamili, ikitoka kalenda yenye viduara vya buluu bonyeza kimoja kimoja. Maandishi mara nyingi yapo, picha ni bahati.

Dada wa Malindi: Shikamoo kaka. Nilipandisha picha za kupamba (ile sherehe ya wanawake watupu ya kumpamba bibi harusi) za dada zangu Flickr, ziko wazi mpaka leo na paswodi sina.
Jibu: Marahaba dadangu. Hiyo iwe ya kwanza kabla ya hatua yoyote, wenyewe hawakukubali kuonwa na dunia. Rudisha paswodi kwa imeili uliyofungulia, zifanye za faragha zote usiku huu huu. Zikiendelea kutokea Google kuna fomu yao ya kuondoa matokeo yaliyopitwa na wakati, bandika linki ya kila picha. Ukikwama niandikie inboksi, usibandike hizo linki hapa.