Umetoka kwaya unataka kupanda steji kuigiza na kuimba? Jinsi ya kujipanga ukiwa mweusi kwenye kundi mchanganyiko (Arusha na Moshi)

Wadogo zangu, kila mwaka napigiwa simu na vijana wa kwaya wanaotaka kuingia kwenye maigizo ya muziki, yale ambayo mtu anaigiza, anaimba na kucheza humohumo, na huku kwetu mengi yanafanywa na makundi mchanganyiko, wazungu wanaofanya kazi huku, Wahindi wa mjini, na sisi. Maswali ni yaleyale kwaiyo naandika hapa mara moja. Mimi nimeanzia alto kwenye kwaya ya usharika Moshi, steji nimeipanda miaka mingi, na nilichojifunza kwa machungu ni kwamba taa, mekapu, maiki, hata wahusika wenyewe, vingi vilitengenezwa anafikiriwa mtu mwingine. Kwaiyo sema unachohitaji mapema, na mapema maana yake wiki ya kwanza ya mazoezi, maana siku ya onyesho kila mtu ana presha yake na hakuna atakayekusikiliza.

Wimbo wa odisheni

Kwenye odisheni, yaani usaili wa kuchagua waigizaji, watakuomba kipande kifupi, mara nyingi baa (vipimo vya muziki) 16 au 32, kama dakika moja hivi. Vijana wetu wengi wanaenda na pambio la kupasua paa. Najua linatoka vizuri, ila likishatoka hilo tu umeshawekwa kwenye kapu la "yule mwenye sauti kubwa" na kazi yako inakuwa kuchangamsha watu kwenye wimbo mmoja halafu urudi nyuma kwenye kolasi, lile kundi la kuitikia. Andaa vipande viwili. Kimoja cha kutulia, unaimba kama unaongea na mtu mmoja aliyekaa mbele yako, kingine ndo ufungue kifua. Anza na cha kutulia.

Na ile karatasi ya mistari mitano isikutishe. Sisi tumekulia sol-fa, sawa, sol-fa ni elimu. Tafuta tu do iko wapi: nyimbo nyingi zisipokuwa na alama mwanzoni do ni C, shapu (♯) moja do ni G, flati (♭) moja do ni F. Chukua penseli andika d, r, m juu ya nota zako. Mimi nilifanya hivyo karibu miaka 2 mpaka macho yakazoea, na hakuna mpiga piano aliyewahi kunilaumu.

Nafasi utakayopewa

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo panapouma. Igizo langu la pili, kundi moja la Arusha ambalo sitalitaja, niliimba odisheni ya mhusika mkuu. Dairekta akasema mbele ya wote sauti yangu ndo imemkaa zaidi, halafu jioni akaniita pembeni akaniambia familia haitaeleweka, kwasababu baba wa yule binti ataigizwa na mzungu. Nikapewa mpishi. Kwenye skripti hakuwa hata na jina, ameandikwa MPISHI tu, anaingia na sinia, anasema chakula tayari, anatoka. Nililia kwenye Hiace kutoka stendi mpaka Usa River.

Sasa nataka ujue historia kidogo, maana siku ile ningekuwa naijua ningekuwa na jibu. Mwaka 1903 pale New York lilioneshwa igizo la muziki linaitwa In Dahomey, limeandikwa na kuchezwa na weusi kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, na nyota wake Bert Williams, ambaye ni mweusi, alikuwa anajipaka masizi usoni aonekane "mweusi" kwa namna wazungu walivyozoea kumcheka mtu mweusi. Hebu fikiria mtu anapaka weusi juu ya weusi wake. Mweusi wa kwanza kushinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, ni Juanita Hall, 1950, na alishinda kwa kuigiza mama wa Kiasia kwenye igizo la South Pacific. Halafu ikaja 1994, Audra McDonald akaigiza Carrie kwenye Carousel, hadithi ya kijiji cha wavuvi Marekani miaka ya 1800, na watazamaji wakaielewa vizuri kabisa, akapewa Tony na leo anazo 6. Hamilton ya 2015 ndo kabisa, wale waasisi weupe wa Marekani wanaigizwa na weusi na Walatino na watu wanalia kwenye viti. Lakini usidhani kila kitu kimefunguka zamani: The Phantom of the Opera ilianza Broadway 1988, Norm Lewis akawa Phantom (mhusika mkuu) wa kwanza mweusi pale mwaka 2014, na London ambako igizo lilianza 1986, Christine (yule binti anayependwa na Phantom) wa kwanza mweusi, Lucy St. Louis, kapatikana 2021. Phantom mwenyewe anavaa kinyago karibu muda wote, aisee, na bado ilichukua miaka 26.

Kwaiyo ukiambiwa familia haitaeleweka, jibu kwa upole: mtazamaji anayekubali kwamba watu wakigombana wanaanza kuimba ghafla, atakubali pia kwamba huyu ni baba na huyu ni binti yake. Sema hivyo ukiwa umetulia, halafu nyamaza, mwache yeye ajibu.

Na ukipewa nafasi ndogo jiulize mambo matatu kabla hujakubali. Ana jina? Anataka kitu chochote kwenye hadithi? Kuna tukio ambalo bila yeye haliendi? Yote yakiwa hapana, unaweza kukubali kama bado unajifunza, hakuna aibu, ila omba jambo moja libadilike. Mimi niliomba mpishi apewe jina, skripti walikuwa wameandika wenyewe kwaiyo iliwezekana, akaitwa Manka, na mwandishi alipompa jina akajikuta anampa na mistari minne. (Kama skripti ni ya kukodi toka nje hairuhusiwi kugusa neno bila ruhusa ya wenyewe, hapo omba kitu kingine, mfano kusimama mbele kwenye wimbo wa mwisho.)

Jambo lingine, utageuzwa mwalimu wa Afrika nzima. Kundi likitaka kuimba nyimbo za The Lion King watakuangalia wewe. Simba na Rafiki ni Kiswahili ndiyo, lakini ule wito wa mwanzo ni Kizulu, umetoka kwa Lebo M wa Afrika Kusini, na mimi nishaombwa mara mbili kufundisha Kizulu nikiwa Mchaga wa Marangu. Sema sijui, tutafute anayejua. Hivyohivyo kwa shuka la Kimasai, kama igizo halihusu Wamasai msikubali kolasi nzima ivalishwe mashuka eti ndo Uafrika, na kama linawahusu basi aitwe Mmasai aseme nini kinavaliwa na nani na lini. Arusha hawakosekani.

Taa

Hili watu wengi hawalijui na ndo linatumaliza. Fundi taa akiona huonekani anaongeza mwanga wa mbele. Haisaidii! Wenzako weupe wanaungua wote na wewe unang'aa paji la uso na pua tu, macho hayapo. Ngozi yetu inapendeza mwanga ukitoka ubavuni. Omba taa moja kila upande, usawa wa kichwa au juu kidogo, rangi ya joto kama asali, na moja nyuma yako ichore kichwa na mabega ili usizame kwenye pazia. Kijani kinakufanya uwe wa kijivu kama mgonjwa, na bluu peke yake inakumeza, kwaiyo matukio ya usiku waambie wachanganye.

Kama ni bwalo la shule lenye tyubu laiti na halojeni mbili, bado inawezekana, toa halojeni moja mbele ihamishie pembeni. Pazia jeusi nyuma yenu badilisha kama mnaweza, kitambaa cha bluu nzito au cha rangi ya udongo mnapata Soko Kuu, na mweusi mwenye gauni jeusi mbele ya pazia jeusi ni uonevu kabisa. Jaribio ni rahisi: simama katikati ya steji bega kwa bega na mwenzako mweupe, mtu mmoja aende kiti cha mwisho kabisa aseme kama anaona macho ya wote wawili. Akiona ya mmoja tu, kazi haijaisha. Lifanyike dairekta akiwepo, akikaa kile kiti mwenyewe ndo bora zaidi.

Mekapu, soksi, nywele na maiki

Usitegemee boksi la mekapu la kundi, kila nilipolifungua nimekuta faundesheni tatu na zote za wazungu. Nunua yako, rangi mbili, maana paji la uso na mashavu yetu hayalingani, uchanganye kwenye kiganja, na uijaribu chini ya taa za steji, dirishani itakudanganya. Poda nyeupe kataa. Mafuta kidogo ya nazi kwenye mikono na mabega yanaipa ngozi uhai, ila usoni hapana.

Wakisema kila mtu avae soksi na viatu "rangi ya ngozi" wakaleta za pinki, waulize ngozi ya nani. Hata kwa wenzetu wa ballet hili ni la juzi tu, kampuni ya Freed of London imeanza kutengeneza viatu vya ncha (vile vya kusimamia vidole) vya rangi ya kahawia mwaka 2018 pamoja na kundi la Ballet Black, kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanavipaka faundesheni kimojakimoja kwa mkono. Sisi tunatumia chai. Chemsha majani mengi, chai kavu nzito kabisa bila maziwa wala sukari, loweka soksi za nailoni uwe unazitoa kila nusu saa unazilinganisha na mguu zikiwa zimekamuliwa, zikikauka zinapauka kidogo kwaiyo zipitishe kiasi. Viatu paka faundesheni kwa sponji.

Nywele: suka chini, twende kilioni nyembamba, hapo wigi lolote linakaa, katikati weka kofia ya soksi. Rasta ndefu kama mhusika hana sababu ya kuzikataa baki nazo, kuna dairekta atakwambia hazifanani na "enzi zile", muulize weusi wa enzi hizo walikuwa wanasukaje, mara nyingi hajawahi kufikiria, na hapo mazungumzo yanaanza.

Maiki ya kichwani fundi atataka kuibandika kwa tepu kwenye paji. Kwenye ngozi yenye mafuta tepu inaachia wimbo wa pili, nimeshaona maiki inaning'inia sikioni mwa binti wa watu na anaendelea kuimba machozi yakimtoka. Pitisha waya kwenye njia katikati ya misuko, ufunge kwa uzi wa rangi ya nywele sehemu tatu, kichwa cha maiki kichungulie kama sentimita moja nje ya nywele. Sehemu ya tepu futa kwanza na spiriti. Ikishakaa usipake tena mafuta wala kupuliza spreyi, yanaziba kitundu na sauti inakuwa kama umefunikwa blanketi. Fundi wa kiume akigusa nywele zako bila kuuliza mwambie hapana, atafutwe dada akufungie.

Nauli na watu wako

Ulizia nauli siku ya kwanza. Mazoezi yakiisha saa tatu usiku Njiro, mwenye gari anafika kwake dakika kumi, wewe unatafuta boda mpaka Ngaramtoni, na anayetoka Moshi ana kilomita 80 mbele yake. Mimi siku hizi naomba nauli na mtu wa kulala kwake, kwa maandishi, hata meseji inatosha.

Na omba tiketi za bei ya mwananchi. Mwaka 1936 Porgy and Bess, opera ya Marekani yenye wahusika weusi, ilipofika Washington, ukumbi ulikuwa hauruhusu weusi kukaa kama watazamaji, waimbaji wake wakuu Todd Duncan na Anne Brown wakasema hatuimbi mpaka watu wetu wakae, na ukumbi ukakubali kwa maonyesho yale. Hapa hakuna anayemzuia mama yako mlangoni, ila tiketi ikiwekwa bei ya watalii na bango likawa Kiingereza kitupu, hatakuja, na wewe utaimba ukumbi mzima hamna wa kwenu hata mmoja. Omba hata viti 20 na bango moja la Kiswahili, lipelekeni kwenye makanisa, misikiti na shule. Mara ya kwanza kundi langu kukubali hilo, safu mbili za nyuma zilijaa akina mama wa usharika, na Manka alipoingia na sinia lake mama mmoja akajibu kwa sauti, "Haya karibu mwanangu," na ukumbi mzima ukageuka kumwangalia.