Kujenga simulizi katika kesi ya uzembe wa kitabibu: mwongozo kwa wakili wa mdai

Kesi ya uzembe wa kitabibu humfikia mwamuzi, awe jaji anayekaa peke yake au baraza la juri, yaani raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, ikiwa imesheheni majina ya dawa na vipimo ambavyo hajapata kuvisikia. Wakili anayemrundikia maarifa hayo bila mpangilio humwachia njia moja tu, nayo ni kumwamini daktari, kwa kuwa daktari ndiye anayeonekana kuelewa mambo. Simulizi iliyopangwa vizuri humpa mwamuzi uwezo wa kupima mwenyewe. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: simulizi ya kesi hizi hujengwa juu ya uamuzi ambao mtoa huduma aliufanya au aliuacha, na mateso ya mgonjwa huja baada yake.

Hatua ya kwanza: panga saa kabla ya kupanga maneno

Omba nakala kamili ya jalada la mgonjwa: maelezo ya madaktari, karatasi za wauguzi, chati ya dawa, na majibu ya maabara yanayoonyesha yalitoka saa ngapi na yalisomwa saa ngapi. Chora jedwali la safu tatu: saa, kilichoonekana, kilichofanyika. Mara nyingi kesi yako imo katika safu ya tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana. Saa nne usiku mapigo ya moyo ni 88 kwa dakika na presha ni 118/76. Saa sita mapigo ni 104 na presha 106/68. Saa nane mapigo yamefika 124, presha imeshuka hadi 88/52, na muuguzi ameandika kwamba mgonjwa analalamika kiu na ngozi yake ni ya baridi. Safu ya tatu ni tupu mpaka saa kumi na moja alfajiri, daktari anapoitwa. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu tiba, akizisoma namba hizo kwa kufuatana, anaona mapigo yakipanda huku presha ikishuka, na anajiuliza kwa nini hakuna aliyeitwa. Swali hilo likizaliwa kichwani mwake lina uzito kuliko likitoka kinywani mwako.

Palipo na pengo katika kumbukumbu, sema wazi kwamba ni pengo. Usilijaze kwa dhana, kwa maana wakili wa upande wa pili atalifungua mbele ya mahakama, na hapo hata yale uliyoyathibitisha yatatiliwa shaka.

Hatua ya pili: pima simulizi kwa vipengele vya sheria

Mdai anapaswa kuthibitisha wajibu wa uangalizi (kwamba mtoa huduma alipaswa kumhudumia mgonjwa kwa uangalifu), ukiukaji wa wajibu huo, uhusiano wa sababu na matokeo, na madhara. Wajibu kwa kawaida haubishaniwi. Sentensi moja inatosha.

Kuhusu ukiukaji, mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza huanzia kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957, iliyoweka kwamba daktari hana uzembe akifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la wataalamu wanaowajibika wa fani yake. Kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 iliongeza kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yahimili uchambuzi wa kimantiki. Kwa hiyo simulizi yako haiwezi kuishia kwenye kauli kwamba daktari mwingine angetenda tofauti. Lazima ionyeshe kwa nini njia iliyofuatwa haikuwa na sababu inayoshikika.

Wengi hukwama kwenye sababu na matokeo. Katika kesi ya Barnett, walinzi watatu wa usiku walifika hospitalini London mwaka 1966 wakitapika baada ya kunywa chai. Daktari wa zamu hakuwaona; aliagiza kwa simu warudi nyumbani na kuwaita madaktari wao. Mmoja akafa saa chache baadaye kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikubali kwamba palikuwa na uzembe, lakini mjane alishindwa, kwa sababu hata kama mumewe angelazwa, dawa ya kuidhibiti sumu isingemfikia kwa wakati. Msiba ule unamgusa kila anayeusikia, na bado haukutosha kisheria. Katika mfano wetu, basi, lazima shahidi mtaalamu aeleze kwamba mgonjwa angerudishwa chumba cha upasuaji saa nane, mshipa uliokuwa ukivuja damu ndani ya tumbo ungefungwa, na kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba angepona kuliko kutopona.

Hatua ya tatu: chagua pa kuanzia

Ukianza na mgonjwa, msikilizaji huanza kutafuta kosa kwa mgonjwa: kwa nini alichelewa kwenda hospitali, kwa nini hakuuliza. Anza na mtoa huduma na kile alichokijua. Kesi ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, inafundisha jambo hili. Mama mwenye kisukari na kimo kifupi hakuelezwa kwamba, kwa hali yake, hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ilikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Daktari aliijua hatari hiyo na akachagua kutoitaja, kwa kuamini kwamba wanawake wakielezwa watachagua upasuaji. Kiini cha kesi ni uchaguzi ule wa kunyamaza, na mtu anaweza kuuelewa kabla hata ya kuambiwa kwamba mtoto alizaliwa na mtindio wa ubongo.

Hatua ya nne: simulia kwa kwenda mbele

Utetezi utasema kwamba ni rahisi kuhukumu baada ya matokeo kujulikana, na hoja hiyo ina haki yake. Ijibu kwa muundo wenyewe wa simulizi: katika kila saa taja tu yale yaliyoweza kujulikana saa hiyo. Usitangulize kifo.

Hatua ya tano: wagawie mashahidi sehemu zao

Shahidi mtaalamu awe mwalimu, akiwa na mchoro mmoja safi badala ya picha kumi. Ndugu waeleze mambo madogo waliyoyaona kwa macho, kama vile mgonjwa anayeshindwa kufunga vifungo vya shati lake, na waache kumlaumu daktari. Katika maswali ya dodoso, yaani unapomhoji shahidi wa upande wa pili, uliza jambo moja kwa swali moja, ukifuata jedwali lako: „Saa nane presha ilikuwa 88/52?" „Hukuitwa?"

Usimwombe mjumbe wa juri ajiweke mahali pa mgonjwa. Mahakama nyingi za Marekani zinakataza hoja hiyo.

Hatua ya sita: jaribu simulizi nje ya mahakama

Msimulie mtu asiye mwanasheria wala mhudumu wa afya, kisha, baada ya siku moja, mwombe akusimulie yeye. Akisahau saa, jedwali halijaeleweka. Akitaja machozi ya familia na kusahau daktari alipaswa kufanya nini, rudi kwenye hatua ya tatu uandike upya.