Kuipata sauti ya besi bendi ikiwa inapiga: hatua ninazofuata hapa Lubumbashi

Jumamosi moja nilipakia gitaa langu la besi kwenye teksi, kutoka Katuba hadi ukumbi wa harusi upande wa Kampemba, nikiwa na hakika moyoni. Wiki nzima nilikuwa nimejifungia chumbani na ampli yangu ndogo nikipanga sauti: chini nimepandisha, juu nimepandisha, katikati nimeshusha. Chumbani ilikuwa tamu, nene, inang'aa. Usiku ule bendi ilipoanza, besi ikapotea. Kilichobaki ni mvumo tu na bati la paa kutetemeka. Mwimbaji aligeuka mara tatu kunitazama, akitafuta noti ya kuingilia, na kwangu hakuipata. Nilirudi nyumbani saa tisa za usiku nikiwa na uchungu, na tangu siku hiyo sijapanga tena sauti ya besi nikiwa peke yangu.

Kosa langu lina sababu yake. Volumu ikiwa ndogo, sikio la binadamu halizisikii vizuri sauti za chini. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Kwa hiyo chumbani, ukipiga polepole usiwaamshe majirani, utazipandisha sauti za chini mpaka zikuridhishe. Ukifika ukumbini na volumu ikapanda, zile za chini zinafurika, na sauti za kati ulizozishusha ndizo hasa zilizokuwa zibebe noti zako.

Haya ndiyo ninayofanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata kila repetisyo, yaani mazoezi ya bendi.

1. Anza na gitaa lenyewe

Tuni kwanza, na tuni kwa mashine au programu ya simu, siyo kwa kukisia. Besi ikiwa nje kidogo tu, bendi nzima itaonekana iko nje, na kila mtu atamlaumu mpiga solo. Halafu piga uzi wazi, kisha ubane freti ya 12: inatakiwa iwe noti ileile, oktava moja juu. Ikipishana, sogeza kile kitandiko cha uzi kwenye kidaraja cha nyuma mpaka zikubaliane.

Nyuzi mpya ni ghali na hapa kwetu hazipatikani kila siku, basi wengi tunapiga nyuzi zilizokwisha kufa. Uzi uliokufa unatoa "dum" bila noti ndani yake. Dawa ya masikini ipo na inafanya kazi: zivue, zichemshe katika maji safi dakika kumi hivi, zipanguse, ziache zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Jasho na mafuta ya vidole hutoka kwenye mikunjo, na mng'aro hurudi kwa siku kadhaa. Mimi hufanya hivyo Alhamisi kama kuna kazi Jumamosi. Ila ukipiga rumba ya zamani, zile nyuzi laini zisizo na mikunjo, hata zilizochakaa, zina utamu wake, usizichemshe.

Kama gitaa lako lina betri ya volti 9 ndani, chomoa kebo kila ukimaliza. Kwa magitaa mengi, kebo ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuliwa, na betri inayokufa inaharibu sauti polepole: inakwaruza kwanza, kisha inakata katikati ya wimbo.

2. Mikono kabla ya nobu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sauti ilipo.

Chukua gitaa, usiguse nobu yoyote, yaani vile vitufe vya kuzungusha. Piga uzi wa La (A) karibu na shingo: sauti ya duara, pana, laini. Sogeza vidole polepole kuelekea kidaraja cha nyuma huku ukiendelea kupiga noti ileile. Utasikia sauti inakazika, inakuwa ngumu, noti inaonekana vizuri zaidi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna sentimita chache tu, lakini ni tofauti kubwa kuliko utakayoipata kwa nobu ya ampli. Jizoeze kuhamisha mkono ndani ya wimbo mmoja: ubeti karibu na shingo, korasi katikati, sebene, ile sehemu ya mwisho ya kasi, karibu na kidaraja.

Kisha jifunze kuzima. Wapiga besi wengi wachanga wanajua noti ianzie wapi, hawajui iishie wapi. Weka ukingo wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, pale pale zinapotoka kwenye kidaraja, ulegeze tu, usikandamize. Piga kwa kidole gumba. Noti itatoka nene na fupi, kama mtu anayetamka neno na kufunga mdomo. Ukikandamiza sana inakuwa mbao, ukiinua sana inalia tu. Kuna milimita mbili tatu pale katikati za kutafuta, na itakuchukua majuma, siyo siku moja. Mkono wa kushoto nao unazima: legeza kidole bila kukitoa kwenye uzi, noti inakatika safi.

Sisi wa Katanga tuna mwalimu wa jambo hili. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi huku mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja tu kavu, na bado besi inasikika wazi: kidole gumba kinatembea chini, cha shahada kinaimba juu. Sikiliza gumba lile tu. Kila noti inampisha inayofuata.

3. Rudisha nobu zote katikati

Chini, kati, juu: zote katikati. Kama gitaa lina mikro mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), fungua ile ya shingoni kabisa, ya nyuma ipunguze kidogo. Kwenye magitaa ya aina ya Jazz Bass, mikro zote mbili zikifunguliwa sawasawa zinatoa sauti inayopendeza ukiwa peke yako, lakini sehemu ya katikati inazama na ndani ya bendi unapotea. Punguza moja uone inavyorudi.

4. Tafuta mahali pa ampli

Mawimbi ya uzi wa Mi (E) ukiwa wazi, ambao unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yana urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba chetu cha repetisyo hakifiki hata nusu ya hapo. Ndiyo maana noti moja inavuma kama ndege ya kijeshi na nyingine haisikiki kabisa: chumba chenyewe kinachagua. Ampli ikigusa ukuta, sauti za chini zinaongezeka; ikiwa kwenye kona, zinaongezeka zaidi. Kabla hujazungusha nobu ya chini, vuta ampli mbali na kona na uipandishe juu ya kasiye (kreti) ya bia. Ikiwa sakafuni nyuma ya miguu yako, magoti ndiyo yanayosikia. Ikipanda, unasikia wewe, na utaacha kuongeza volumu ovyo.

Kisha tembea. Nina kebo ndefu kwa ajili hiyo tu. Piga ukitembea hadi katikati ya chumba, hadi mlangoni, usikie wanachosikia wengine.

5. Wewe na mpiga batri (seti ya ngoma), wawili tu

Waombe wengine wanyamaze dakika tano. Watalalamika, waombe tena kwa heshima. Sikilizeni besi na ngoma ya mguu, ile tunayoiita groskesi. Kama groskesi ni kubwa na nzito chini kabisa, mwachie pale. Nguvu yako iwe juu yake kidogo, kati ya 90 na 150 Hz (mitetemo kwa sekunde). Kama groskesi ni kavu na fupi, wewe shika chini. Wote wawili mkigombania sehemu moja, hakuna atakayesikika, na watu watasema sono, yaani mitambo ya sauti ya ukumbi, ni mbaya.

Lingine: fungeni noti pamoja. Mguu wake ukigonga na noti yako ikaanza palepale, vitu viwili vinakuwa kimoja chenye nguvu. Ukichelewa kidogo tu, hakuna ampli itakayokuokoa.

6. Magitaa na klaviye (kinanda) waingie

Solo na mi-solo (magitaa ya kuongoza na ya katikati) kwa kawaida hupiga juu kwenye shingo, kwa hiyo muziki wetu una nafasi pana chini yake. Nafasi hiyo ni yako, na ukiijaza kwa sauti za chini tu utaiacha tupu. Bendi nzima ikiwa inapiga, pandisha katikati polepole, karibu na 700 au 800 Hz kama ampli inakuruhusu kuchagua, mpaka uweze kusikia jina la kila noti. Ukiwa peke yako sauti hiyo itaonekana ina pua, haipendezi. Vumilia. Kama kuna ukungu, shusha kidogo karibu na 250 Hz. Usiguse zaidi.

Adui mkubwa wa besi, hasa makanisani, ni mkono wa kushoto wa mpiga klaviye. Anajaza besi yake mwenyewe kwa sababu amezoea kupiga peke yake, na noti zake ndefu zinafunika zako fupi. Nobu haiwezi kulitatua hilo. Ni lazima muongee. Kwetu yule ni mkubwa wangu kwa umri, basi nilisubiri tumalize wimbo, nikamsogelea bila kipaza sauti.

"Yaya, naomba kitu. Kwenye korasi, mkono wa kushoto uupandishe oktava moja."

"Sasa chini kutabaki nini?"

"Nitabaki mimi. Tujaribu mara moja. Kama ni mbaya, turudi."

Tulijaribu. Hakusema kitu, ila mpaka leo hajaurudisha chini.

7. Rumba kwanza, sebene baadaye

Sehemu ya taratibu inataka noti za duara na mapengo. Piga karibu na shingo, acha noti ipumue, kisha acha ukimya nao upumue. Sebene ikifunguka kila kitu kinaharakisha: batri inakaza, magitaa yanazunguka, atalaku, yule anayechangamsha watu kwa kipaza sauti, anapiga kelele. Hapo noti ndefu zinageuka matope. Sogea kuelekea kidaraja, weka kiganja, noti ziwe fupi, zigonge kama ngoma. Usiongeze volumu, mkono ukihama, besi yenyewe itajitokeza. Wengi wanakimbilia nobu wakati huo na kukosa mzunguko wa kwanza wa sebene, ambao ndio unaowainua watu vitini.

8. Balansi (kupima sauti kabla ya kazi) na fundi wa sono

Siku ya kazi, fika mapema. Ampli yako ni ya jukwaani, ya kukusikiza wewe na mpiga batri. Ukumbi ni wa sono. Mwombe fundi achukue laini yako kupitia boksi la DI, lile linalounganisha gitaa na meza ya sono, na umpe sauti ileile uliyoipata na bendi. Mpigie noti ya kila uzi, kisha mstari halisi wa wimbo, kwa nguvu utakayotumia usiku. Ukipiga polepole kwenye balansi kisha ukashambulia kwenye harusi, umemdanganya.

Sikiliza mnguromo kabla hujapiga. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na Sol (G) ya chini, ile ya freti ya 3 kwenye uzi wa Mi, ni 49 Hz. Ziko jirani kabisa. Kama kuna ngurumo kwenye laini, kila ukipiga Sol hiyo itakuwa kama inayumba, nawe utadhani gitaa limetoka tuni. Bonyeza kitufe cha kukata ardhi kwenye boksi la DI. Ikiendelea, badilisha kebo, na uchomeke ampli yako pamoja na meza ya sono kwenye laini moja ya umeme. Pini ya ardhi ya plagi ya ampli usiikate kamwe. Nimeona watu wanaikata ili kuondoa ngurumo, na siku waya ukigusa bati la ampli, atakayeshika nyuzi ndiye atakayepigwa.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, sauti za juu zote zinafunikwa. Wakati huo mwombe fundi akuongezee katikati, siyo chini.

9. Kipimo cha simu

Mwache mtu arekodi wimbo mmoja kwa simu, akiwa katikati ya ukumbi. Halafu usikilize kwa spika ya simu hiyohiyo, bila vipokea sauti vya masikioni. Spika ile haiwezi kutoa sauti za chini kabisa, basi kama bado unaweza kuufuata mstari wa besi, katikati yako iko sawa. Kama besi imetoweka, rudi hatua ya 6.

Ukiipata, chukua kipande cha sparadrapu (plasta ya kidonda), kibandike juu ya ampli na uchore mshale kwa kila nobu. Andika na jina la ukumbi. Sparadrapu zangu tatu zinaonyesha nobu ya katikati haibadiliki sana. Inayohama kila mara ni ya chini, kufuatana na kuta.

Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, mkono wa kwanza uende kwenye volumu ya ampli, uishushe hadi sifuri, kisha uzime swichi. Jenereta likiwaka subiri litulie, washa, halafu pandisha polepole. Mlio ule wa "pau" wakati umeme unarudi ndio uliopasua spika yangu ya kwanza.