Kutumia Kinasa Pakiti Kutafuta Hitilafu ya Mtandao

Seva isipojibu, mwenye programu huulaumu mtandao na msimamizi wa mtandao huilaumu programu. Kinasa pakiti, yaani programu inayonakili pakiti (vipande vidogo vya data), huonyesha kilichopita kwenye mtandao na wakati kilipopita, na hapo mabishano hupungua. Programu iitwayo tcpdump, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani mwaka 1988, inatosha kwa kazi nyingi. Wireshark, kinasa chenye madirisha na menyu, hufaa zaidi unapotaka kusoma kwa utulivu yale yaliyokwisha kunaswa.

Kabla ya kunasa chochote, pata ruhusa ya mwenye mtandao, kwa sababu pakiti hubeba mawasiliano ya watu, pamoja na nywila zao pale ambapo data haikusimbwa. Kisha andika swali moja linaloweza kujibiwa, kwa mfano: je, ombi la kompyuta hii linaifikia seva? Anayenasa bila swali huishia na maelfu ya mistari asiyojua aanzie wapi kuisoma.

Orodhesha kadi za mtandao kwa amri ya tcpdump -D, kisha, ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, toa amri kama hii:

tcpdump -i eth0 -n -w hitilafu.pcap host 192.168.1.20 and port 443

Alama ya -i hutaja kadi, -w huhifadhi pakiti kwenye faili, na -n huizuia programu isitafute majina ya anwani inapozionyesha. Maneno ya mwisho, kuanzia host, ni kichujio: huruhusu pakiti za anwani hiyo na poti hiyo (namba ya huduma kwenye mashine) pekee. Kuwa mwangalifu nacho: kichujio hiki kitaacha nje maswali ya DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani), yanayopita poti 53, na ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao) kutoka kwenye ruta, ilhali huenda hitilafu iko huko huko. Rudia kitendo kinachosumbua, simamisha kwa Ctrl+C, kisha soma faili kwa tcpdump -n -r hitilafu.pcap.

Anza na mwanzo wa muunganisho wa TCP, utaratibu ambao mashine mbili hutumia kuunganishwa kabla ya kupeana data. Ukiwa mzima utaona [S] (ombi la kuunganishwa) ikitoka, [S.] (kukubali) ikirudi, kisha [.] ikithibitisha. Ukiona [S] ikirudiwa tena na tena bila jibu, ama pakiti haifiki, ama ukutamoto (kichujio cha usalama cha mtandao) unaitupa kimyakimya, ama jibu linapotea njiani. Ikirudi [R.] (kukataa muunganisho) papo hapo, kwa kawaida mashine inafikika lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, au kuna kifaa kinachokataa kwa niaba yake. Muunganisho ukikamilika upesi, seva ikathibitisha kupokea ombi mara moja, kisha data yenyewe ikaja baada ya sekunde 5, mtandao umefanya kazi yake na ucheleweshaji unapaswa kutafutwa ndani ya seva. Pakiti ndogo zikipita huku kubwa zikikwama, chunguza ukomo wa ukubwa wa pakiti, ambao kwenye Ethernet huwa baiti 1500, na uangalie kama kuna mahali ICMP imezuiwa, kwani ndiyo hubeba taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno.

Usitishwe na onyo la cheksamu (namba ya kuhakiki kwamba pakiti haikuharibika) yenye kosa kwenye pakiti zinazotoka, kwani mara nyingi kadi ya mtandao ndiyo huikokotoa baada ya kinasa kukwisha kuiona pakiti. Usimbaji wa TLS, unaolinda mawasiliano kama ya tovuti za https, nao huficha maudhui, lakini anwani, poti na nyakati hubaki wazi, na kwa utafutaji wa hitilafu hizo ndizo zenye thamani kubwa zaidi.

Kumbuka pia kwamba swichi haikuletei mazungumzo ya mashine nyingine. Ili kuyaona lazima isanidiwe inakili pakiti za poti moja (hapa ni tundu la kebo kwenye swichi) kwenda poti nyingine. Inapowezekana, nasa pande zote mbili kwa wakati mmoja, saa za mashine zikiwa zimelinganishwa kwa NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Pakiti iliyoonekana ikitoka upande mmoja na isionekane ikiingia upande wa pili imepotea kati ya sehemu hizo mbili, na kwa kusogeza sehemu ya kunasia hatua kwa hatua utakifikia kifaa kinachoitupa.