Mzee akianza kusahau: pima kumbukumbu kabla ya kuulizia picha ya amiloidi ubongoni

Ulizia kwanza kasi. Bibi aliyekuwa mzima Jumapili, Jumatano hajui yuko wapi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: mtafutie homa ya mapafu, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au dawa mpya. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, hunyemelea miezi na miaka. Swali lilelile kila baada ya dakika kumi, chakula cha mchana kimesahaulika, lakini habari za usichana wake Machame anazimwaga bila kukosea.

Pimia mahali kimya, redio imezimwa, masikio yenye nta yamesafishwa. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mpime kwa Kichaga. Msomee polepole maneno 10 ya kila siku (ndizi, jiwe, kamba, barua…), arudie aliyoyashika. Fanya hivyo mara tatu. Mshughulishe dakika tano: ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti nne za kiberiti kama ulivyopanga wewe. Ndipo umuulize yale maneno. Akikwama mdokezee, “kulikuwa na tunda”. Mwenye sonona mara nyingi hulipata. Alzheimer inapokuwa imeshakula hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, hata dokezo halisaidii sana. Ndugu wakae nje, maana hawajizuii kumnong’oneza.

Usimwambie achore saa ya ukutani. Asiyeenda shule atashindwa kwa sababu ya shule, si ubongo. Ndiyo maana kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hutumia njiti na maswali kama “daraja ni nini?”. Jumla ni alama 15: 7 kushuka chini huashiria dimensia (akili kudhoofika hadi kushindwa shughuli za kila siku), 8 au 9 zinatia shaka. Kuashiria tu, daktari lazima aulize pia kama bado anahesabu chenji na kupika bila kuunguza.

Kisha ondoa vinavyotibika: wingi wa damu, sukari, vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, VVU na kaswende. Mwaga mezani dawa zote. Amitriptilini na vidonge vya mafua vyenye klorofeniramini huvuruga kumbukumbu za wazee. Ulizia pombe ya mbege bila kumwaibisha. Akiwa alianguka hata wiki kadhaa zilizopita, apigwe picha ya CT ya kichwa, huenda damu imevilia chini ya fuvu.

Sasa amiloidi, protini inayojikusanya ubongoni katika Alzheimer. Picha ya PET huonyesha utando wa protini hiyo kwa dawa yenye mionzi inayodungwa mshipani. Florini-18, chembe ya mionzi iliyomo, hupungua nusu kila dakika 110: iliyotoka kiwandani saa 2 asubuhi imebaki nusu saa 4 kasoro dakika 10, kwa hiyo haihifadhiki stoo. Utando huanza miaka 15 hadi 20 kabla ya usahaulifu, na wazee wengi wenye akili timamu wanao. Picha safi huifanya Alzheimer kuwa jambo la mbali. Yenye utando haielezi kumbukumbu imeshuka kiasi gani. Protini nyingine ya ubongoni, tau, ndiyo hufuatana zaidi na kushuka huko.

Familia ikiamua kumsafirisha kwa picha hiyo, ibebe alama za vipimo, majibu ya damu, CT na orodha ya dawa. Hahitaji kufunga. Baada ya picha anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara.