Somo: Bando limekata, programu bado inahesabu. Namna ya kupima na kupunguza ucheleweshaji wa takwimu za data

Bando la GB 1 limekata, programu ya kuhesabu data bado inaonyesha MB 380. Wengi hapo huifuta na kupakua nyingine, na nyingine nayo inafanya yaleyale, maana zote zinachota kisima kimoja: takwimu za Android yenyewe. Programu ya kawaida haioni pakiti (vipande vya data) zikipita. Inauliza mfumo, na mfumo unajibu kwa kile ulichokwisha kuandika.

Somo hili ni la Android. iPhone imo kwenye maswali. Andaa kompyuta yenye adb (zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta), kebo ya USB inayopitisha data (nyingi za mitaani zinachaji tu), na MB 30 hivi za kuchezea.

Namba inapita wapi

Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa simu, inahesabu kila baiti papo hapo. Hapo hakuna kuchelewa. Tangu Android 9, simu zenye kerneli 4.9 kwenda juu zinafanya kazi hiyo kwa eBPF, vijiprogramu vinavyoendeshwa ndani ya kerneli. Zamani ilikuwa moduli ya xt_qtaguid. Juu ya kerneli kuna huduma ya mfumo iitwayo NetworkStatsService. Hiyo husoma vihesabio kwa vipindi na kumimina tofauti ndani ya ndoo za muda, yaani jumla moja kwa kila kipindi. Kwa mpangilio wa asili wa Android, usomaji wa kawaida ni kila dakika 30, na ipo kengele inayousukuma mapema data ikipita kama MB 2. Mtengenezaji wa simu anaweza kuyabadilisha haya. Ndoo ya simu nzima ni ya saa 1, ya kila programu ni ya saa 2.

Kwa hiyo ucheleweshaji uko wa aina tatu: kihesabio hakijasomwa, ndoo ni pana kuliko muda unaouuliza, au programu yenyewe imelazwa usingizi na meneja wa betri. Mkosaji wa mara kwa mara ni huyo wa tatu, ingawa wa kwanza ndiye anayelaumiwa.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza tofauti ya vipimo

Kabla hujasema "inachelewa", angalia programu inagawa kwa ngapi. GB ya 1024 ni baiti 1,073,741,824. GB ya 1000 ni baiti bilioni moja kamili. Tofauti ni asilimia 7.4. Kwenye MB ni asilimia 4.9. Tangu Android 8, kitendaji cha kawaida cha kuandika ukubwa wa faili hugawa kwa 1000, na waandishi wengi wa programu hukitumia hichohicho kwa data. Programu mbili zinaweza kusoma baiti zilezile na kuonyesha namba mbili, na hakuna iliyochelewa.

Hatua ya 2: Ruhusa na betri

Ruhusa ya kuona takwimu za matumizi haiji na ule ujumbe wa kawaida wa "ruhusu". Unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa maalum za programu. Bila hiyo, programu inaweza kuona jumla za tangu simu iwashwe, lakini si mgawo wa kila programu.

Kisha nenda kwenye betri ya programu hiyo uiondolee vikwazo. Simu nyingi zina pia meneja wa pili wa mtengenezaji, wenye orodha ya programu za kujiwasha na za kulala. Ukirekebisha mahali pamoja ukaacha pengine, hujafanya kitu.

Hatua ya 3: Pima ucheleweshaji wenyewe

Zima Wi-Fi, washa data, unganisha kebo, kisha andika:

`adb shell cat /proc/net/dev`

Tafuta mstari wa data ya simu. Kwenye chipu za Qualcomm huanza na rmnet_data, kwenye MediaTek ni ccmni. Mistari ya aina hiyo inaweza kuwa kadhaa. Chukua ule ambao namba zake zinapanda. Namba ya kwanza baada ya jina ni baiti zilizoingia, ya tisa ni zilizotoka. Ziandike.

Pakua faili moja la MB 20. Soma tena, toa. Faili la baiti 20,971,520 litaonekana kama milioni 21.5 hadi 21.7 zilizoingia, kwa sababu kila pakiti ya baiti 1500 inabeba vichwa vya baiti 40 hadi 52. Ikizidi hapo sana, kuna programu nyingine iliyokuwa ikivuta nyuma.

Sasa fungua programu yako, andika inasema nini. Kisha lazimisha mfumo usome:

`adb shell dumpsys netstats --poll`

Fungua programu tena. Ikiruka na kufikia namba ya kerneli, tatizo lilikuwa usomaji wa mfumo. Ikiwa ilikuwa sahihi tangu ulipoifungua mara ya kwanza lakini arifa yake juu ya skrini ilikuwa nyuma, programu ilikuwa imelala. Rudi Hatua ya 2. Isipofika kabisa hata baada ya hapo, ni vipimo au muda inaohesabia.

Hatua ya 4: Tazama ndoo

`adb shell pm list packages -U` itakupa namba (uid) ya kila programu kwenye simu. Halafu `adb shell dumpsys netstats detail`, shuka hadi sehemu ya UID stats. Utakuta mistari ya sura hii:

`uid=10234 set=FOREGROUND tag=0x0`
`NetworkStatsHistory: bucketDuration=7200`
`st=1735675200 rb=48231540 rp=36410 tb=1904422 tp=21877 op=0`

rb ni baiti zilizoingia, tb zilizotoka, st ni mwanzo wa ndoo kwa sekunde tangu 1970. Jumlisha FOREGROUND (programu ikiwa mbele ya skrini) na DEFAULT (ikiwa nyuma), la sivyo utakosa yaliyopita nyuma. Mistari yenye tag (lebo) isiyo 0x0 usiijumlishe: tayari imo ndani ya ile ya 0x0.

Hiyo MB 48 haina dakika. Mfumo unajua tu kwamba ilipita ndani ya saa 2. Programu ikidai kukuonyesha "dakika 5 zilizopita" za WhatsApp kutoka hapa, inagawa kwa makadirio.

Tena, ndoo zimepangwa kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), zikianza saa zinazogawanyika kwa mbili. Afrika Mashariki iko UTC+3. Kwa hiyo ndoo ya kila programu huanza 23:00 na kuisha 01:00, yaani saa tano usiku hadi saa saba usiku, na siku mpya inaanzia katikati yake. Mfano wa juu, 1735675200, ni saa tano usiku ya tarehe 31 Desemba 2024. Ukiangalia "leo" asubuhi, sehemu ya video ya saa tano na nusu usiku inaweza kuhesabiwa leo, au ikakosekana kote kote, kutegemea programu inaulizaje. Walioko Goma, Kigali, Bujumbura au Muscat hawaioni shida hii, maana UTC+2 na UTC+4 zinaangukia mpaka wa ndoo. Ndoo ya simu nzima, ya saa 1, inakatika vizuri saa sita usiku kwetu sote, na ndiyo maana jumla ya simu na jumla ya programu mojamoja hazilingani.

Hatua ya 5: Weka onyo na breki

Hesabu ya onyo ni rahisi: kasi mara ucheleweshaji. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde ni kama MB 1 kila sekunde. Programu inayoamka kila dakika 15, ambacho ndicho kipindi kifupi kabisa cha kazi ya kurudiarudia kwenye WorkManager (zana ya Android ya kupanga kazi za nyuma), inaweza kukuta MB 900 zimekwenda kati ya ukaguzi na ukaguzi. Onyo la asilimia 90 kwenye bando la GB 1 hapo ni pambo. Programu ikiwa macho na ikachelewa dakika moja, pengo ni MB 60. Onyo la asilimia 80 linatosha.

Breki ya kweli ni kikomo cha data cha Android yenyewe, kwenye mipangilio ya laini. Hicho hakisubiri programu: mfumo huipa kerneli kiasi kilichobaki, na kerneli hukata kikiisha. Kasoro yake ni kwamba mzunguko wake ni wa mwezi, ilhali bando zetu ni za siku na wiki. Dawa ni kujumlisha. Kama mzunguko huu umeshatumia GB 3.2 na umenunua GB 1, weka kikomo GB 4.1, chini kidogo ya jumla ya 4.2. Ukinunua tena, sogeza. Inachosha, lakini inakata kabla salio la kawaida halijaanza kuliwa.

Hatua ya 6: Kwa anayeandika programu

Usimuulize NetworkStatsManager kila sekunde. Programu isiyo ya mfumo haiwezi kulazimisha usomaji kwa kasi hiyo. Kwa namba hai tumia TrafficStats.getMobileRxBytes na getMobileTxBytes, chukua tofauti, uiongeze juu ya msingi uliosoma kwenye historia. Vihesabio hivi vinarudi sifuri simu ikizimwa, kwa hiyo tofauti ikiwa hasi anza msingi mpya. Usivitegemee kwa programu za wengine: tangu Android 7, getUidRxBytes inajibu kwa programu yako tu. queryDetails nayo hurudisha ndoo zilizoangukia zima ndani ya muda ulioomba, haikati nusu. registerUsageCallback ina sakafu ya MB 2. Ukiomba KB 500 utapewa MB 2.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, programu inasema MB 640, mtandao unasema nimemaliza MB 700. Nani muongo?

Jibu: Huenda hakuna. MB 640 za 1024 ni MB 671 za 1000. Zinabaki kama 29. Mtandao unahesabia kwenye lango lake, kabla pakiti haijarushwa hewani. Pakiti iliyopotea njiani imehesabiwa kule, kwenye simu haijafika. Pia mfumo wa malipo hutengea muunganisho wako kipande cha bando kwa wakati, ukiisha unaomba kingine, kwa hiyo menyu ya salio nayo inaweza kuwa mbele au nyuma kidogo. Zima data, subiri dakika chache, angalia salio tena ndipo ulinganishe.

Swali: Nina laini mbili. Mbona programu inazichanganya?

Jibu: Tangu Android 10, programu za kawaida haziruhusiwi kusoma namba ya utambulisho ya laini. Zinauliza bila namba, na mfumo unatoa jumla ya laini zote. Mipangilio ya simu yenyewe inaziona tofauti. Kwa laini mbili tumia hiyo.

Swali: Nikiwasha hotspoti, kompyuta inakula data lakini programu imetulia. Baadaye namba inaruka ghafla.

Jibu: Kwenye simu nyingi tangu Android 8, data ya hotspoti inapitishwa na chipu moja kwa moja, na hesabu yake inachotwa mfumo unaposoma. Ikishaingia inaandikwa chini ya uid -5, si chini ya programu yoyote. Programu isiyoonyesha safu ya hotspoti itakuwa na jumla isiyolingana na orodha yake.

Nyongeza ya mwanachama: Na -4 ni programu zilizofutwa. Ukifuta programu, matumizi yake yanahamia huko, hayapotei.

Swali: Kwenye iPhone je?

Jibu: Huko programu haipewi mgawo wa kila programu kabisa. Inasoma jumla ya kiunganishi tu, pdp_ip0 kwa data ya simu na en0 kwa Wi-Fi. Kihesabio kinachotumika sana ni cha biti 32, kikifika baiti 4,294,967,296 kinarudi sifuri. iOS ndiyo inayoamua programu iamke lini nyuma, hivyo ifungue mwenyewe angalau mara moja kabla GB 4 hazijapita. Na "kipindi cha sasa" kwenye mipangilio hakijifuti kila mwezi. Unakifuta kwa mkono.

Swali: Nikizima na kuwasha simu, namba zinakaa sawa. Nifanye hivyo kila siku?

Jibu: Zinakaa sawa kwa sababu mfumo, ukizimwa kwa utaratibu, huandika kwenye diski takwimu ulizokwisha kusoma. Lakini betri ikikata ghafla, kile ambacho hakijaandikwa kinapotea. Badala ya kuzima kila siku, rudia Hatua ya 3 mara moja, uone ni kipi kati ya vitatu kinachochelewa kwenye simu yako.